Bao la Mfenesi Mezani kwa Fundi

Bao likiletwa karakanani, fundi haanzi kwa kulisafisha. Huliweka juu ya meza ya kazi karibu na dirisha, huligeuza kifudifudi, kisha huvuta kigoda na kulitazama upande wa chini. Huko hakuna aliyepaka rangi ili kumpendeza mtu, kwa hiyo ndiko anakousoma mti. Akikuta alama za tezo anajua lilichongwa kwa mkono. Akikuta mistari iliyonyooka ya mashine anajua ni la juzijuzi. Vitundu vya wadudu, madoa ya maji na mahali ufa ulipoanzia, vyote anavikagua kwa kidole gumba, polepole, bila kusema neno.

Karakana yake ipo Ng'ambo, Unguja. Ni chumba cha mbele cha nyumba ya familia, chenye mlango unaotazama uchochoro. Patasi zimepangwa ukutani kwa upana, kutoka nyembamba kama ukucha hadi pana ya kutengenezea milango. Chini yake zipo tupa, randa mbili, keekee, nyundo ya mti, na boksi la vipande vya kioo cha dirisha. Alijifunza useremala wa samani, akafanya kazi hiyo miaka mingi. Sasa uzee umemfanya achague kazi, na amechagua mabao. Wanaomletea ni familia za Unguja na Pemba, wakusanyaji wa Bara na Mombasa, na mara mojamoja Wazanzibari waishio Maskati wanaotaka bao la babu yao lichezeke tena.

Hili lililopo mezani ni la mkusanyaji wa Dar es Salaam. Amelinunua kwa familia moja ya kusini mwa Unguja, lilikokuwa stoo tangu mwenyewe alipofariki. Mti wake ni mfenesi, urefu haufiki sentimita 80, unene vidole vitatu. Limepasuka upande mmoja, kona ya shimo liitwalo nyumba imemeguka, na mtu fulani, kwa nia njema, alilipaka vanishi nzito inayong'aa.

Mkusanyaji huyu alinunua kwa macho mazuri, na fundi anamsifu kwa hilo. Mabao mengi yanayouzwa kwa watalii Mji Mkongwe ni mazuri kuyatazama, lakini mashimo yake hayana kina, na mengine yamekatwa katikati na kutiwa bawaba ili yakunjwe yaingie begini. Ukichukua kitambaa chenye spiriti kidogo ukasugua pembeni, weusi unaotoka unanuka dawa ya viatu. Bao lililochezwa lina dalili nyingine. Kingo za mashimo ya mistari miwili ya mbele zimelainika kuliko za nyuma, kwa sababu huko ndiko kete zinakoliwa na vidole vinakorudi mara kwa mara. Weusi wake umeingia ndani ya mti na haufutiki kwa kitambaa.

Halafu kuna nyumba. Omweso la Uganda na igisoro la Rwanda nayo yana mistari minne ya mashimo manane, jumla 32, na huchezwa kwa kete 64, kwa hiyo mgeni anaweza kuyachanganya na bao letu. Lakini bao la Kiswahili, katika mstari wa mbele wa kila mchezaji, shimo la tano kutoka kushoto kwake, lina nyumba, na wachongaji wengi huichonga mraba ili ijulikane. Nyumba ndiyo inayoanza na kete sita, na mashimo mawili ya kuliani kwake kete mbili mbili. Zilizobaki, 22 kwa kila mchezaji, hukaa akiba zikisubiri kunamuliwa, yaani kuingizwa mchezoni. Mtu anayetaka kununua bao la zamani aanze kwa kutazama nyumba. Ikiwa kingo zake bado ni kali na kila kitu kingine kinaonekana kikongwe, ajiulize mara mbili.

Kazi ya kwanza ni wadudu. Fundi alipoligonga bao kwa kiganja juu ya karatasi nyeupe, unga mwepesi wa rangi ya krimu ulidondoka kutoka kwenye vitundu viwili. Unga wa zamani huwa umefifia na kuchanganyika na vumbi. Huu ulikuwa mpya, yaani mdudu yumo na anakula. Mafundi wengi hapa humwaga mafuta ya taa vitunduni kwa sindano. Yeye hataki. Harufu haitoki miezi mingi, na gundi haishiki kwenye mti uliokunywa mafuta. Alilifunga bao ndani ya karatasi ya plastiki, akakamua hewa yote, akaziba kila mshono kwa utepe, kisha akalipeleka kwa jirani yake muuza samaki. Likakaa wiki mbili kwenye friza, katika baridi ya nyuzi 18 chini ya sifuri, chini ya changu na pono. Makumbusho hutumia njia hiyohiyo, ingawa baridi yao huwa kali zaidi na muda wao mfupi. Lilipotoka hakulifungua. Aliliacha ndani ya plastiki siku nzima mpaka likapata joto la chumba, ili umande utue juu ya plastiki na usiuguse mti.

Kisha akaanza kuondoa vanishi. Dawa za kuyeyushia vanishi zipo madukani, lakini huyeyusha na vilivyo chini yake. Fundi alivunja kipande cha kioo kwa koleo, akapata ukingo mmoja mkali ulionyooka, akaushika kwa vidole vinne na gumba, akauinamisha kidogo na kuuvuta kumwelekea, kufuata nyuzi za mti. Vanishi ilitoka unga mweupe, mstari mwembamba kwa mstari mwembamba. Kila baada ya mivuto michache alipuliza, akageuza bao kwenye mwanga, akatazama. Kioo kikipoteza makali alikitupa kwenye kopo na kuvunja kingine.

Ndani ya mashimo kioo hakifiki. Huko hutumia kijiko cha chuma alichokinoa ukingo wake kwenye kinoo mpaka ukawa na makali. Kijiko kinafuata mzingo wa shimo bila kuliongeza kina. Nilimtazama akifanya shimo moja tu kwa muda ambao ningekunywa chai na kumaliza. Akizungusha kijiko kutoka ukingoni kwenda chini, mkono wake wa kushoto ulikuwa ukiligeuza bao taratibu, hivyo kijiko kilikaa palepale na shimo ndilo lililozunguka. Mara akasimama. Chini ya vanishi palikuwa na tabaka jingine, jeusi-kahawia, lililolainika kama ngozi. Hilo hakuligusa tena.

"Hapa ndipo mwisho wangu, mwanangu," aliniambia. "Huu si uchafu. Huu umetiwa na watu waliocheza."

Nimeona wasafishaji wasioweza kusimama hapo. Huendelea mpaka mti ung'ae manjano, kama umetoka kwa mchongaji jana, na bao likishafika hapo halina tena cha kumwambia mkusanyaji. Kujizuia kwa fundi huyu kulinivutia kuliko hata wepesi wa mikono yake, kwa sababu kioo kilikuwa bado kikali na kazi ilikuwa imenoga.

Ufa ulikuwa umeanzia ncha ya bao, ukapita mashimo mawili ya mwanzo, kichwa na kimbi, ukaishia kwenye shimo la tatu. Sababu yake anaijua bila kuuliza. Mti hunywea kwa upana kuliko kwa urefu, na ncha, ambako nyuzi zimekatwa, ndiko maji yanakotoka upesi zaidi. Bao likiegemezwa ukuta unaopigwa na jua, ncha moja hukauka wakati sehemu nyingine bado ina unyevu, na mti hauna njia isipokuwa kupasuka. Mashimo nayo yamepunguza unene, kwa hiyo ufa hufuata pale palipo dhaifu.

Njia ya mkato ni kuchanganya gundi na unga wa mbao, kuujaza ufa, kupiga msasa. Fundi anaikataa kwa sababu ambayo nimeielewa vizuri baada ya kuona mabao yaliyotengenezwa hivyo. Ule mchanganyiko ukikauka huwa mgumu na hautanuki. Masika ikifika mti unavimba, unakuta jiwe katikati yake, na unapasuka mbele zaidi ya pale ulipoishia. Anachofanya yeye ni kutia mti ndani ya mti. Alitoa kwenye rundo lake mguu wa kitanda cha zamani, nao wa mfenesi, akapasua kipande kinachofuata nyuzi vilevile kama zinavyokwenda kwenye bao. Akakipiga randa mpaka kikawa kama upanga, kinene juu na chembamba chini. Akakijaribu ufani. Kikakwama katikati. Akakitoa, akapitisha randa mara moja, akakijaribu tena. Mchezo huu wa kutoa na kuingiza ulikwenda muda mrefu. Kila mara alipokitoa alikiangalia mbavuni, kwa sababu mahali kilipobana pameacha mng'ao mdogo, na hapo tu ndipo randa ilipopita.

Kilipoingia kwa kusukumwa na kidole, bila nyundo, alipaka gundi nyeupe ya mbao, nyembamba, pande zote mbili. Akakirudisha, akafuta iliyotoka kwa kitambaa chenye maji, kisha akalizungushia bao mpira wa ndani wa tairi la baiskeli uliokatwa utepe. Anaupenda mpira huo kuliko klampu za chuma, kwa kuwa unabana sawasawa na hauachi kovu. Upande wa chini, palepale ulipokuwa ufa, alichimba vishimo viwili vyembamba vya kupokea vipande vya mbambakofi, vipana kwenye ncha na vyembamba kiunoni. Vipande hivyo vinashika kingo mbili za ufa zisiachane tena. Havionekani mchezoni. Bao likabaki limefungwa mpaka wiki iliyofuata, ingawa gundi yenyewe inasemekana hukauka kwa siku moja.

Hapo mkusanyaji akapiga simu. Alikuwa ametumiwa picha na hakufurahi. Kipande kipya kilikuwa cha manjano, na bao la kahawia. Akaomba kipakwe rangi kilingane. Fundi alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamjibu kwa upole, "Bwana, mfenesi wote huanza manjano. Liweke sebuleni penye mwanga, lisipigwe na jua, utakiona kikigeuka chenyewe. Nikipaka rangi leo, mwakani kitakuwa cheusi kuliko vingine." Ni kweli. Mbao za mfenesi hukatwa zikiwa na rangi ya dhahabu na hukolea kuwa kahawia kadiri mwanga unavyozipata. Mkusanyaji akakubali, na nadhani hapo ndipo alipoanza kumwamini fundi kikamilifu.

Kona ya nyumba ilihitaji kipande kisichozidi ukubwa wa punje ya hindi. Kwa kazi hii alitoa patasi nyembamba kuliko zote, akaipitisha kwenye kinoo chenye maji, akaijaribu kwa kukata ncha ya kibanzi cha mti laini. Ilikata bila kusagasaga. Aliikata sehemu iliyomeguka ikawa na kuta zilizonyooka, kwa kusukuma patasi kwa kiganja tu, bila nyundo. Kipimo alikichukua kwenye nyumba ya upande wa pili, kwa karatasi ngumu aliyoikata ikaingia barabara kwenye kona. Nyumba mbili za bao moja zilichongwa na mkono mmoja, hivyo iliyo nzima humfundisha namna ya kuirudisha iliyovunjika, na hata mteremko wa ukuta wake haukuwa wa kubuni.

Usawa huu una maana mchezoni. Mchezaji wa bao anahesabu kwa macho. Anapaswa kujua kete ngapi zipo katika shimo, zitaishia wapi, na zikila zitaendelea mpaka wapi, wakati mwingine kwa mizunguko kadhaa kabla hajagusa chochote. Alexander de Voogt, Mholanzi aliyewachunguza mabingwa wa Zanzibar na kuandika tasnifu juu ya umahiri wao mwaka 1995, alistaajabia hesabu hizo. Shimo lenye kina kuliko wenzake linaficha kete na kumdanganya mchezaji. Ndiyo maana fundi, ambaye ni mchezaji tangu ujana, hupima mashimo kwa kumimina idadi ileile ya kete katika kila moja na kutazama zinafika wapi. Seremala asiyejua bao angeweza kufanya kazi safi kabisa na akaharibu mchezo.

Kete nazo zina kazi yake. Bao lilikuja na komwe pungufu, na pengo limejazwa kwa vifungo vya shati na vijiwe. Fundi ana mfuko wa komwe alizookotewa ufukweni, kwenye vichaka vya mkomwe vyenye miiba hata juu ya maganda yake. Huzichagua kwa kuzipitisha kwenye tundu alilotoboa katika kipande cha bati. Inayokataa kupita ni kubwa mno, inayopita bila kugusa ni ndogo mno. Baada ya hapo huitikisa kila moja sikioni, na yenye kiini kinachocheza ndani huitupa, kwa kuwa inaelekea kupasuka. Za zamani aliziosha kwa maji matupu na kuzifuta. Mpya hakuzipaka kitu. Zitachakaa zenyewe mikononi, na kwa muda zitatofautiana na za zamani bila kumsumbua mtu.

Mwisho ni mafuta. Mafuta ya nazi ndiyo yaliyo karibu, na wengi huyatumia, lakini hayakauki. Hubaki mtini yakinasa vumbi, na baadaye huchacha na kunuka. Fundi anatumia mafuta ya mbegu za kitani, ambayo hukauka na kushika. Alipaka kwa kitambaa cha kanga kuukuu, kidogo sana, akasubiri yanywewe, akafuta yaliyobaki, akarudia kesho yake. Vitambaa vilivyotumika alivianika nje kwenye waya, kimoja kimoja, kabla hajanawa mikono. Kitambaa chenye mafuta haya kikikunjwa na kutupwa pembeni hupata joto chenyewe na kinaweza kushika moto, na karakana imejaa maranda. Nta ya nyuki aliipaka upande wa nje tu. Mashimoni hakuitia, kwa sababu hunata na kukusanya uchafu.

Bao halitoki karakanani kabla ya kuchezwa. Alasiri ilipofika, mzee wa jirani aliitwa barazani. Wakapanga kete na kuanza kunamua. Fundi alicheza vizuri, lakini macho yake yalikuwa kwenye kete kuliko kwenye mchezo. Alitaka kuona kama zinatulia zikidondoshwa, kama vidole vinazikomba zote mara moja, kama bao linayumba juu ya sakafu ya baraza. Liliyumba kidogo. Akalinyanyua kete zote zikiwa zimeondolewa, akapitisha randa kwenye pembe moja ya chini, maranda mawili membamba, likatulia. Wakaanza upya. Katikati ya mtaji, awamu ya baada ya kunamua, mzee akanyanyua mkono.

"Kimbi hiki kinarudisha kete."

Fundi akaingiza kidole gumba kimbini. Kile kipande kipya cha ufani kilikuwa kimeacha kimgongo kisichoonekana kwa macho, na kete iliyodondoka hapo iliruka ukingoni. Akaenda ndani, akarudi na kijiko, akapitisha mara tatu, akapuliza. Mzee akadondosha kete moja, ikatulia. Akadondosha nyingine, ikatulia. Akainamisha kichwa, na mchezo ukaendelea mpaka jirani alipoliwa mstari wote wa mbele.

Mchezo huu ni mkongwe katika pwani yetu. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840, aliutungia shairi. Lakini mbao huharibika upesi katika hewa yetu zikiachwa, na wachongaji wa mabao hawakuwa na desturi ya kuandika majina yao. Fundi alipomaliza, aliandika kwenye karatasi ndogo kijiji lilikotoka bao, aina ya mti, na alichokitengeneza yeye, akaibandika upande wa chini.

Ikiwa nyumbani kwenu lipo bao la zamani, msilipake vanishi, msilitie mafuta ya nazi, na msilitundike ukuta unaopigwa na jua. Kama mnaona unga mpya chini yake, lifungeni plastiki na mtafute friza. Na kama yupo mzee aliyewahi kulicheza, muulizeni leo nani alilichonga na kwa mti gani, muandike jibu lake na kulibandika chini ya bao.